Kikombe Kimo Mkononi mwa Nani? Waadhi dhidi ya Ulevi katika Fasihi ya Kiswahili na Msomaji Kijana wa Isiolo

Utangulizi

Fasihi ya Kiswahili imekuwa na uhusiano wa muda mrefu na waadhi. Tangu enzi za tenzi za pwani hadi tamthilia zinazosomwa madarasani leo, mtunzi wa Kiswahili ametarajiwa kuonya, kuelekeza na kuadilisha. Wahakiki wengi wamelizungumzia jambo hili kwa ujumla, wakibishana iwapo fasihi inayofunza hupoteza usanii wake au la. Suala linaloshughulikiwa katika makala haya ni finyu zaidi. Panapohusika pombe na kijana aliye baina ya miaka kumi na mitatu na kumi na minane, waadhi huu unamsemesha nani hasa, na unampa nini mkononi anapoondoka kitabuni kurejea mtaani?

Ili swali hili lisielee hewani, makala yanamweka msomaji mmoja mbele yake. Ni mwanafunzi wa shule ya upili mjini Isiolo. Isiolo ni lango la kaskazini mwa Kenya. Kwa miaka mingi lami iliishia hapo. Barabara ya lami ilipofikishwa Moyale katika muongo wa 2010, mji uliokuwa mwisho wa njia ukawa njiapanda ya malori, magari ya abiria, mifugo na miraa inayoshuka kutoka milima ya Nyambene. Kuna kambi za jeshi, soko la mifugo na nyumba za kulala wageni. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu katika kaunti nzima watu takriban 268,000, nao ni Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu, Wameru na wengineo. Vitabu anavyovisoma kijana huyu darasani ni vile vile anavyovisoma mwenzake wa Nyeri au Kwale. Namna anavyovipokea ndiyo inayostahili kuchunguzwa.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba fasihi ya Kiswahili imesawiri kwa ufundi anguko la mlevi na majuto yake, lakini imemnyima kijana onyesho moja analolihitaji kuliko yote: onyesho la kukataa.

Waadhi wa Mzazi na Haki Yake ya Kusema

Inafaa kuanza na mizizi. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimuusia bintiye. Mwanzoni mwa utenzi huo anamwita binti akaribie, akae, achukue wino na karatasi. Shaaban Robert, karibu karne moja baadaye, aliifuata njia hiyo hiyo alipomtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Tenzi hizi si za kupinga pombe. Shabaha yake ni mwenendo mzima wa maisha. Hata hivyo, ndizo zilizoweka kipimo ambacho kwacho waadhi wowote wa baadaye unaweza kupimwa.

Je, ni nini kinachoupa waadhi huo nguvu? Wahakiki wamezoea kujibu kwa kutaja dini na mamlaka ya mzazi. Majibu hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Nguvu ya Mwana Kupona inatokana pia na hali ya usemaji wenyewe. Msemaji anakaribia kufa. Hana faida ya kidunia atakayoivuna kutokana na utiifu wa binti. Msemewa anajulikana kwa damu. Na tendo la kuandika linafanywa na wote wawili: mama anasema, binti anashika kalamu. Binti si mtuhumiwa aliyesimamishwa mbele ya baraza, bali ni mwandani anayekabidhiwa amana.

Sifa tatu zinajitokeza basi: msemaji anayeweka nafsi yake rehani, msemewa anayejulikana, na ushirika katika kulijenga neno. Zinapokosekana sifa hizi, waadhi hubaki umbo tupu. Maneno ya mzazi hutamkwa na mtu asiye mzazi, kwa mtoto asiyemjua, juu ya hatari asiyoishiriki.

Waadhi wa Jukwaani

Umbo hili tupu linadhihirika zaidi katika mashairi ya kughanwa kwa pamoja na michezo mifupi inayoandaliwa shuleni kwa ajili ya mashindano ya drama. Tamasha za shule nchini Kenya zina historia ndefu tangu mwaka 1959, na zimelea vipaji vingi. Lakini mashairi yake yanayohusu pombe na dawa za kulevya yameganda katika ngazi moja. Kijana mwema anakutana na rafiki mbaya. Anaonja. Anafeli mtihani, anafukuzwa shule, anaiba, anaugua, anazikwa. Wenzake wanazunguka kaburi na kuigeukia hadhira kwa kidole kilichonyooshwa.

Udhaifu wa ngazi hii ni wa namna tatu. Kwanza, ni wa kimantiki. Kijana wa miaka kumi na sita anawajua watu waliokunywa nao wakafuzu mtihani, wakapata kazi, na sasa wanaendesha magari mazuri. Kitabu kinapomwambia kwamba kila aonjaye huzikwa, naye anapita kila jioni mbele ya waonjaji walio hai, atakachokikosoa ni kitabu. Onyo lililotiwa chumvi hupoteza hata ile sehemu yake iliyo kweli. Na iko sehemu iliyo kweli kabisa: mwezi Mei mwaka 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa za Kenya baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Mwezi Februari mwaka 2024 msiba wa aina hiyo uliikumba Kirinyaga. Matukio haya hayahitaji mbwembwe. Yanahitaji kusimuliwa kwa usahihi: nani alichanganya, nani aliuza, nani alinunua na kwa nini alinunua kile cha bei nafuu.

Pili, udhaifu huu ni wa kiisimu. Katika maandishi ya kuonya, nomino dhahania ulevi huchukua nafasi ya kiima. Ulevi huharibu vijana, ulevi huvunja nyumba, ulevi huua. Kitenzi kunywa, ambacho kingemdai mtu wa kukitenda, kinatoweka. Na pamoja nacho anatoweka anayemimina. Kiswahili kina mnyambuliko wa kusababisha, levya, lakini matumizi yake yameachiwa dawa: husemwa dawa za kulevya, wala haisemwi ni nani anayewalevya watoto wa wenzake. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 iliiondoa marufuku ya chang'aa kwa masharti ya viwango, na ikamkataza muuzaji kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18. Kosa ambalo sheria hiyo iliweka mabegani mwa muuzaji, shairi la jukwaani hulirejesha mabegani mwa mtoto. Methali inayopendwa sana katika tungo hizi ni ile isemayo kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Methali hiyo hulilaumu sikio, nayo dawa haiulizwi ilitengenezwaje.

Tatu, udhaifu huu ni wa kimaonyesho. Mlevi anapoingia jukwaani akipepesuka, ukumbi hulipuka kwa vicheko. Yeye ndiye mwenye ruhusa ya kusema yasiyosemwa, kumkejeli mwalimu na kumtaja mwenye cheo bila adhabu. Ndiyo nafasi ambayo kila mwigizaji chipukizi huitamani, na mara nyingi huwa ndiyo inayoshangiliwa kuliko zote. Msichana mwema anayekataa pombe, kama yumo mchezoni, hupewa hotuba. Hadhira ya vijana haikosei inapomkumbuka mlevi na kumsahau mwema. Imekipokea kile ambacho sanaa ya mchezo imekitukuza. Maudhui yanakwenda upande mmoja na fani upande mwingine.

Binti Aliyefungiwa: Rosa na Maimuna

Riwaya imelitazama jambo hili kwa undani zaidi. Katika Rosa Mistika (1971), Euphrase Kezilahabi anamchora Zakaria wa Ukerewe, baba aliye mlevi na wakati huo huo mlinzi mkali wa mwenendo wa binti zake. Ukali huo ndio unaomlea Rosa. Anapigwa na kuaibishwa kwa sababu ya barua ya mvulana. Anajifunza kuogopa, wala hajifunzi kupima. Anapofika chuo cha ualimu Morogoro, mahali ambapo hakuna jicho la baba, uhuru unamkuta mikono mitupu. Anaangamia. Riwaya hiyo ilizuiwa isisomwe shuleni ilipotoka, na kuzuiwa kwake ni kejeli kubwa, kwani jamii ilikifanyia kitabu kile kile ambacho Zakaria alimfanyia Rosa.

Said Ahmed Mohamed anaifuata njia iliyo karibu na hiyo katika Utengano (1980). Maimuna amefungiwa ndani na babaye, Bwana Maksuudi, mtu mwenye sifa njema hadharani na uoza sirini. Anapotoroka anaangukia nyumba ya Mama Jeni, ambako pombe na biashara ya mwili ni kitu kimoja. Hapa mwandishi ametambua jambo ambalo mashairi ya jukwaani hayakulitambua: kikombe cha kwanza hakiji peke yake. Huja pamoja na kitanda cha kulala, chakula, na mtu anayemwita kijana kwa jina lake. Anayekitoa hana sura ya shetani. Mara nyingi ndiye mtu wa kwanza aliyempokea.

Riwaya hizi mbili zinakubaliana kuhusu chanzo. Katazo lisilo na sababu halimlindi mtoto zaidi ya mahali ambapo sauti ya mkatazaji inafika. Hili ni fundisho zito, tena linafaa zaidi kwa wazazi na walimu kuliko kwa vijana. Ni hapo pia ambapo mipaka ya riwaya hizi inaonekana. Rosa na Maimuna ni ushahidi wa kosa la wakubwa. Msomaji kijana huwalilia, huenda akamlaani Zakaria na Maksuudi, kisha hukifunga kitabu bila kuona mahali ambapo yeyote kati ya wasichana hao angeweza kufanya vingine. Mantiki ya riwaya imekwisha kuwafunga kabla hawajachagua. Maimuna anaokolewa baadaye na kupata maisha mapya, lakini huo ni wokovu baada ya gharika.

Baba Mlevi katika Vitabu Teule

Katika vitabu vilivyoteuliwa kufundishwa shule za upili nchini Kenya katika karne hii, jambo jingine linajitokeza: kikombe kimehamia mkononi mwa mtu mzima. Ken Walibora, katika Kidagaa Kimemwozea, anamweka mbele ya msomaji Mwalimu Majisifu, msomi mlevi ambaye umaarufu wake umesimama juu ya mswada wa kuiba. Clara Momanyi, katika Nguu za Jadi, anamsawiri Mrima, mumewe Mangwasha, anayezama katika ulevi na kuitelekeza familia yake. Timothy Arege, katika Bembea ya Maisha, anamleta Yona, mwalimu wa zamani aliyepoteza kazi kwa sababu ya pombe, akampiga mkewe Sara, na sasa anaishi na majuto huku Sara akiugua.

Mabadiliko haya yana thamani kubwa. Waandishi hawa wamekataa kumtwika kijana lawama za jamii nzima. Zaidi ya hayo, wameifuatilia pombe hadi kwenye chanzo chake. Yona hakunywa kwa sababu ya rafiki mbaya; alisukumwa na minong'ono ya jamii iliyomdharau mwanamume asiye na mtoto wa kiume. Mrima amenaswa katika mtandao wa Sagilu, tajiri aliye mwandani wa Mtemi Lesulia, na ulevi wake unawafaa wenye nguvu kwa kuwa unamwacha Mangwasha peke yake. Katika Nguu za Jadi pombe ni chombo cha utawala: mwanamume aliyelewa hadai ardhi, hapigi kura kwa akili yake, wala hamlindi mkewe. Uchambuzi wa namna hii ulikuwa umedokezwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii katika mchezo wa Kamĩrĩĩthũ wa mwaka 1977, ambamo mkulima aliyenyang'anywa shamba anaishia kwenye chupa. Momanyi ameuingiza uchambuzi huo katika Kiswahili cha darasani, na kwa hilo anastahili sifa.

Jina la tamthilia ya Arege nalo linastahili kutazamwa. Bembea hupanda na kushuka, huenda na kurudi. Mwendo huo uko karibu sana na ule unaotajwa na neno lewalewa, yaani kuyumba huku na huku. Neno kulewa kwa Kiswahili halikomei kwenye pombe. Mtu hulewa sifa, hulewa madaraka, hulewa usingizi. Yona alilewa hukumu ya watu kabla ya kulewa pombe. Ndiyo maana kupona kwake hakuwezi kuwa kuacha chupa tu. Inambidi pia aache kuyumbishwa na maneno ya watu, na awe tayari kuingia jikoni kumtumikia mke mgonjwa huku wakimcheka.

Lakini kijana yuko wapi katika tamthilia na riwaya hizi? Yuko pembeni, akitazama. Neema analipia matibabu ya mama. Watoto wa Mangwasha wanasubiri baba arudi. Kijana amepewa nafasi ya mwathiriwa au ya mwokozi wa wazazi, lakini hajapewa nafasi ya mtu ambaye naye, jioni moja, atakinyooshea kikombe mkono au atauondoa. Assumpta Matei, katika Chozi la Heri (2014), anaikaribia nafasi hiyo kupitia Dick, anayeangukia mikononi mwa Buda na kulazimishwa kuwa mchukuzi wa dawa za kulevya. Dick ni kijana, na baadaye anajinasua na kujijengea maisha. Hata hivyo, mwandishi amemweka mahali ambapo kukataa hakuna maana, kwa kuwa hana pa kulala wala wa kumkimbilia. Masaibu yake ni ya utumwa. Yanamfundisha msomaji huruma na hasira ya haki, lakini hayamfundishi la kusema mbele ya rafiki anayempenda.

Msomaji wa Isiolo

Inapasa sasa kumrudia msomaji aliyetajwa mwanzoni. Mambo matatu katika mazingira ya Isiolo yanaupa mjadala huu uzito wake.

Jambo la kwanza ni lugha. Mtoto wa Kiborana, wa Kisomali au wa Kiturkana husikia makatazo ya nyumbani kwa lugha ya mama, na yale ya chuoni au kanisani kwa lugha ya ibada. Lakini anapokaa barazani na wenzake waliotoka katika jamii nyingine, lugha inayowaunganisha ni Kiswahili, aghalabu kilichochanganywa na Sheng. Yaani kikombe hunyooshwa kwa Kiswahili, ilhali katazo limehifadhiwa katika lugha nyingine. Kijana akitaka kukataa, itambidi akatae kwa lugha ile ile aliyoalikwa nayo, la sivyo maneno yake yatasikika kama ya babu yake yaliyobebwa na kasuku. Kwa hiyo fasihi ya Kiswahili ina wajibu huko Isiolo ambao huenda haina mahali ambapo nyumbani na barazani huzungumzwa lugha moja. Ndiyo inayoweza kumpa kijana sajili ya kukataa ambayo ni yake na ya wenzake kwa pamoja.

Jambo la pili ni kwamba katazo lenyewe si geni katika jamii hizi. Kwa Mwislamu pombe ni haramu. Na katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, kama alivyoonyesha mwanahistoria Justin Willis katika utafiti wake wa mwaka 2002, pombe ilihusishwa na mamlaka ya wazee, na vijana walizuiliwa wasiikaribie. Unywaji wa kijana haukuwa sehemu ya jadi hata ikibidi leo kuuteteta kwa jina la jadi. Basi kijana wa Isiolo ana hazina ya sababu za kukataa: imani, heshima ya rika, nidhamu ya malisho. Vitabu teule havijaichota hazina hii. Vinapozungumzia kuacha pombe, huzungumzia matibabu na toba ya mtu aliyekwisha kuharibikiwa. Yule ambaye hajaanza, na ana sababu nzuri za kutoanza, hana mhusika wa kumwakilisha. Na pale ambapo pombe ni haramu, unywaji hujificha. Mlevi anayepepesuka hadharani kwa vicheko hafanani na chupa inayopitishwa gizani kwa kunong'onezana. Msomaji wa Isiolo anaweza kumcheka Majisifu bila kuhisi hata kidogo kwamba habari zake zinamhusu.

Jambo la tatu ni miraa. Waadhi wa shuleni huunganisha pombe, bangi na miraa katika sentensi moja. Sheria ya Kenya, kwa upande wake, inautambua mmea huo kuwa zao la biashara, na Uingereza ilipoupiga marufuku mwaka 2014, malalamiko ya wakulima na wafanyabiashara wa Meru yalifika ngazi za juu za serikali. Kijana anayemjua mjomba aliyesomeshwa kwa fedha za miraa atayapokeaje maandishi yanayolitaja zao hilo pamoja na sumu, bila neno juu ya chakula linacholeta mezani? Mwandishi anayeukwepa ukinzani huu hupoteza uaminifu wake kwa msomaji hata katika yale aliyosema sawasawa kuhusu pombe. Ukinzani ni riziki ya tamthilia. Ni ajabu kwamba waandishi wetu, walio hodari wa kuusaka ukinzani katika siasa, wameuacha huu ulale njiani.

Onyesho Linalokosekana

Katika matini zote zilizojadiliwa hapa, anguko limesawiriwa, majuto yamesawiriwa, na kupona kumesawiriwa. Kukataa kwa kijana aliye na uhuru wa kukubali hakukusawiriwa. Hakuna ukurasa ambamo kijana anayependwa na wenzake, asiyefungiwa kama Maimuna wala kulazimishwa kama Dick, anaambiwa, "Onja kidogo tu," naye anajibu, na jibu lake linagharimu kitu.

Huenda ikadaiwa kwamba onyesho la namna hiyo ni kazi ya kijitabu cha afya, na kwamba fasihi ikilibeba itarudi kwenye propaganda. Dai hilo halina budi kujibiwa, kwa kuwa hofu iliyo nyuma yake ni ya kweli. Propaganda huzaliwa pale ambapo mwandishi amekwisha kuamua matokeo na kuyaondoa mashaka. Katika kijitabu, anayekataa hapotezi lolote. Marafiki wabaya wanaondoka, marafiki wema wanakuja, na mtihani unapitwa. Sanaa ingeanzia mahali ambapo kijitabu kinaishia. Mvulana aliyekataa angerudi nyumbani peke yake usiku ule. Angekosa mwaliko wa wiki inayofuata. Angejiuliza kama sababu aliyoitoa ilikuwa ya kweli au kisingizio, na kama aliogopa dhambi, mama, au uchungu wa kinywaji chenyewe. Rafiki aliyemnyooshea kikombe angebaki kuwa mtu mwenye utu, pengine mwenye huzuni kuliko yeye. Migongano hii ya nafsi haimo katika bango lolote la ukutani. Ni malighafi ya fasihi iliyo halisi.

Huenda pia ikasemwa kwamba kukataa hakuna mvuto jukwaani, kwa kuwa ni tendo la kutotenda. Historia ya tamthilia inalikanusha dai hili. Antigone wa Sophocles ni mtu anayekataa. Mwelusi katika Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia anakataa kununuliwa na kutishwa, na ni kukataa huko kunakoupeleka mchezo mbele. Wanafunzi wa Kenya waliosoma tamthilia hiyo walielewa bila taabu kwamba kusema hapana mbele ya mtawala ni tendo kubwa. Hawakuonyeshwa kwamba kusema hapana mbele ya rika ni tendo la ukoo ule ule, tena gumu kwa namna yake, kwa kuwa mtawala huchukiwa ilhali rika hupendwa.

Onyesho kama hilo lingehitaji lugha yake. Lisingeweza kutumia Kiswahili cha hotuba, kwa sababu hakuna kijana anayekataa kwa hotuba. Hukataa kwa mzaha, kwa kubadilisha mazungumzo, kwa kusingizia mechi ya kesho, kwa kunyamaza. Mtunzi mwenye sikio angeyasikiliza haya barazani na kuyafanya kuwa usemi wa jukwaani. Hapo ndipo ile sifa ya tatu ya Mwana Kupona ingerudi: kijana angekuwa ameshika kalamu, maneno ya kukataa yakiwa yametoka kwake kabla ya kurudishwa kwake yamepambwa.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba waadhi dhidi ya ulevi katika fasihi ya Kiswahili umepitia hatua zinazotambulika. Tenzi za wasia ziliweka kipimo cha usemaji wenye rehani. Tungo za jukwaani zililirithi umbo zikapoteza rehani. Riwaya za Kezilahabi na Said Ahmed Mohamed zilifichua kushindwa kwa katazo lisilo na sababu. Vitabu teule vya karne hii vimekihamishia kikombe mkononi mwa mtu mzima, na kwa kufanya hivyo vimeieleza pombe kwa uyakini kuliko wakati mwingine wowote, huku vikimwacha kijana kuwa mtazamaji.

Mwalimu wa fasihi hawezi kuusubiri mtaala mpya ili kuijaza nafasi hiyo. Bembea ya Maisha inapofundishwa, wanafunzi wanaweza kuombwa watunge onyesho ambalo Arege hakuliandika: Yona akiwa na miaka kumi na saba, barazani, kabla ya kikombe cha kwanza. Asemwe na nani, ajibu nini, na kesho yake iweje. Zoezi hilo litakuwa uhakiki kamili wa tamthilia, kwa kuwa litawalazimu wanafunzi kutafuta katika matini vyanzo vya udhaifu wa Yona. Litakuwa pia mazoezi ya maneno ambayo baadhi yao watayahitaji kabla ya mwisho wa juma. Mwanafunzi wa Isiolo ataliandika kwa Kiswahili, lugha ambayo kwayo atakaribishwa, na wenzake wa jamii nyingine watampinga na kumrekebisha mpaka jibu lisikike kama jibu la mtu wa rika lao.

Kwa waandishi, wito ni mmoja. Mlevi wa Kiswahili amekwisha kuchorwa vya kutosha. Amepepesuka, amechekwa, amelia na ametubu. Karibu naye, kwenye benchi lile lile, ameketi kijana ambaye bado hajakunywa. Huyo hajaandikwa.